Serikali inaponunua mashangingi, iulize madini yake yamechimbwaje?

MLETA MADA
Wadau, magari ya serikali yetu ya Tanzania hununuliwa kwa pamoja kupitia GPSA, wakala wa ununuzi serikalini, na zabuni za umma siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni. Mzabuni anaulizwa bei, injini, vipuri na muda wa kuleta. Nataka aulizwe pia madini yaliyomo kwenye gari yametoka wapi, na yalichimbwa katika hali gani.

Chukueni masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, ambayo wezi wa vipuri wanayafahamu vizuri. Mna platinamu ndani yake, na platinamu nyingi duniani inatoka Afrika Kusini. Tarehe 16 Agosti 2012, pale Marikana, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 wa platinamu waliokuwa kwenye mgomo wa kudai mshahara.

Njooni kwenye vifaa vya umeme vya gari: humo kuna tantalamu. Machimbo ya Rubaya, mkoa wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, ni kati ya makubwa duniani ya madini hayo. Waasi wa M23 waliyatwaa mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi waasi hao wanavyotoza ushuru biashara yake. Kivu Kaskazini si ugenini kwetu. Desemba 2017, pale Semuliki, kundi jingine la waasi liliwaua walinzi wa amani wa jeshi letu, JWTZ, wasiopungua 14 katika shambulio moja. Tunapeleka vijana wetu wakalinde raia wa mkoa ule, halafu kodi yetu inanunua gari bila hata kuuliza kama senti yake moja inamfikia mwenye bunduki kulekule. Hili linaniuma.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, nia yako njema, lakini soko letu ni dogo, hakuna kiwanda Japani kitakachotetemeka. Bei ikipanda, atakayesubiri ni mjamzito wa wilayani anayehitaji ambulensi. Halafu kumbuka mwaka 2010: Marekani walitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo, wanunuzi wakakimbia, Rais wa Kongo wa wakati huo, Kabila, naye akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Aliyelala njaa ni mchimbaji mdogo mwenye sururu.

MLETA MADA
Hoja ya 2010 ni nzito, kaka, na ndiyo sababu sitaki marufuku ya kununua kutoka Kongo. Nataka mzabuni ataje vinu vilivyoyeyusha bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu ya magari yake. Gharama haiwezi kuwa kisingizio: kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani, Toyota ikiwemo, hutoa taarifa ya madini hayo kila mwaka. Wawekezaji wa New York wanasoma, kwa nini sisi majirani wa Kongo tusipewe? Na tusidanganyane kwamba ununuzi wa umma unatazama bei peke yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatoa upendeleo kwa kampuni za ndani, kwa sababu tuliona kuna jambo la kulinda.

MCHANGIAJI WA PILI
Niko kwenye usafirishaji, mizigo ya Lubumbashi. Shaba na kobalti ya Kongo inapita Tunduma hadi bandarini kwetu, kwa hiyo haya mambo tunayaona. Tatizo langu ni karatasi. Nchi za Maziwa Makuu, sisi tukiwemo, zilikubaliana Lusaka mwaka 2010 kuwa na cheti cha kuthibitisha madini yametoka wapi, na bado magendo yanaendelea. Nani atakagua hiyo orodha yako?

MLETA MADA
Ndugu, hatutaweza kukagua kila shimo. Lakini orodha iliyosainiwa inampa mkaguzi pa kuanzia: jina la kinu linaweza kulinganishwa na ripoti za Umoja wa Mataifa. Mzabuni akibainika kudanganya, PPRA, msimamizi wa ununuzi wa umma, ina mamlaka ya kumfungia asishiriki zabuni za umma, na kwa mtu anayeishi kwa zabuni hiyo si adhabu ndogo.

Kuhusu ambulensi, nakubali zisiguswe kwanza. Kipengele hiki kianze na mashangingi ya viongozi, yale ya namba za serikali, STK na STL. Yakichelewa miezi miwili kwa sababu mzabuni anatafuta orodha yake, hakuna mgonjwa atakayeumia. Walio kwenye vitengo vya ununuzi, nielezeni: kuna kifungu gani kinachozuia?