Mrejesho: Safari yangu ya Pettigo, mpakani mwa Ireland
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza iwapo mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania husimamishwa mpakani Pettigo; nimerudi, na jibu ni kwamba sikukuta kizuizi wala askari. Mto Termon, unaovukwa darajani kwa hatua chache, ndio unaotenganisha Pettigo ya Donegal, iliyo Jamhuri ya Ireland na inayotumia yuro, na Tullyhommon ya Fermanagh, iliyo Ireland Kaskazini chini ya Uingereza na inayotumia pauni. Hata hivyo, aliyenishauri nichukue viza zote mbili, ya Ireland na ya Uingereza, alinifaa sana, kwa kuwa kutokuwepo kwa askari hakuondoi sheria.

Mjini kwenyewe, ukishaitazama sanamu ya kuwakumbuka wapiganaji wa Ireland waliopigana hapo na jeshi la Uingereza mwaka 1922, saa mbili zinatosha. Utamu uko nje ya mji: ziwa la Lough Derg, ambako mahujaji Wakatoliki hukaa kisiwani siku tatu wakifunga na kutembea peku (mimi nilichungulia kutoka ufukweni tu, maana njaa siiwezi), na kisiwa cha Boa Island, ambako katika makaburi ya kale ya Caldragh imesimama sanamu ya jiwe yenye nyuso mbili. Bila gari la kukodi nisingevifikia vyote kwa siku moja.