Mrejesho: Mayai ya chura kwenye dimbwi linalokauka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini zile nyuzi ndefu za mayai ya chura dimbwini kwangu zinageuka nyeupe. Mliosema nipime maji mlipatia. Nilichomeka kijiti chenye alama. Siku sita bila mvua, maji yakashuka upana wa kiganja. Nyuzi zilizozungushiwa majani ya pembeni zikaachwa juu, zikakauka kama uzi wa kushonea. Za katikati zikaangua. Mvua iliporudi dimbwi likajaa, na jua lilipopasha maji viluwiluwi wakakua upesi. Juzi, wiki ya nane, wametoka vichura wadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Wachache mno, kusema kweli, kwa mama anayetaga maelfu. Kijiti nimekiacha palepale.