Sakitu ya kwenye miezi ya barafu inabadilikaje kama haiyeyuki?

MwlNkuhungu: Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia hapa Dodoma, leo dogo wa kidato cha pili kanibana, anasema kama Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupiter), hata ikweta yake ni nyuzi kama 160 chini ya sifuri, si sakitu (ganda jembamba la barafu) ya juu ikae vilevile miaka yote? Kesho nina kipindi chao, nisaidieni.

Zabibu_Kisasa: Mwalimu haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja. Vibarafu vya kwenye friza ukivisahau miezi kadhaa si unavikuta vimesinyaa na trei kavu? Ndo hivyo, ila kule taratibu mno. Mwoneshe Iapetus, mwezi wa sayari ya Zohali (Saturn). Mtaalamu wa nyota Cassini aliugundua 1671 akaona ukiwa upande mmoja wa Zohali anauona, ukihamia wa pili unampotea, kumbe nusu yake nyeusi. Vumbi linalotoka mwezi mwingine, Phoebe, linaangukia upande unaotangulia Iapetus ikizunguka, pakishakuwa peusi panashika joto, barafu inatoka inaenda kuganda kwenye ncha za kaskazini na kusini na upande mweupe, uchafu unabaki, panazidi weusi, panazidi joto, yaani inajichochea yenyewe. Na siku moja ya kule ni siku zetu 79 kwahiyo mchana jua linapasha haswa.

mpwapwa_boy: Ni huo mwezi tu au?

Zabibu_Kisasa: Hapana mkuu, hata Callisto, mwezi wa Mshtarii, ipo. Picha za chombo cha anga cha Galileo zinaonesha vilima, juu vinang'aa sakitu, chini vumbi jeusi tupu. Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii, nako karibu na ncha sakitu imekaa kwenye miteremko inayoelekea ncha, kwenye baridi zaidi.

KondoaMjini: Mimi kwa dogo ningeanza na Io, nao mwezi wa Mshtarii, najua sio mwezi wa barafu ya maji ila sakitu yake ya dayoksaidi ya salfa unaiona inabadilika ndani ya masaa. Kila baada ya saa 42 hivi Io inaingia kwenye kivuli cha Mshtarii, inakaa kama masaa mawili, hewa yake nyembamba inaganda na kudondoka chini, jua likirudi inapanda tena. Halafu Europa usiisahau mwl, pale kuna mionzi, chembe zinazokimbizwa na sumaku ya Mshtarii zinapiga barafu zinavuruga mpangilio wa molekuli, joto nalo linaupanga upya, hivi viwili vinashindana muda wote.

MwlNkuhungu: Shukrani sana wakuu. Naanza na Io kisha Iapetus. Mwenye picha ya Callisto isiyo nzito aitupie hapa, projekta ya shule inasumbua nitaichapa kwenye karatasi.