Tupeane uzoefu: kupiga "Sunday Bloody Sunday" kwa vyombo vya Lamu na Malindi

Mkomani (mwanzilishi wa uzi)
Assalaam aleikum wanamuziki wa Pwani. Wimbo huu wa U2, bendi ya Ireland, unaombwa sana kila vijana wanapoandaa tamasha la haki, na mara nyingi tunauharibu. Naomba kila mwenye kujua sehemu yake aiandike hapa: ngoma, nyuzi, fidla, maiki, kibali.

Naanza na tukio lililozaa wimbo, maana asiyelijua huupiga vibaya. Januari 30, 1972, mjini Derry, Ireland Kaskazini, askari wa miamvuli wa jeshi la Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji waliokuwa wakipinga watu kufungwa bila kushtakiwa. 13 walikufa siku ile ile na wa 14 akafa baadaye. Ripoti ya uchunguzi wa jaji Widgery, mwaka huo huo, iliwasafisha askari. Wimbo ulitoka 1983 kwenye albamu *War*. Ripoti ya uchunguzi wa pili, wa jaji Saville, ilitoka Juni 15, 2010, ikasema wazi kuwa waliouawa hawakuwa tishio kwa askari, na waziri mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Miaka 27 wimbo ulikuwa ukiuliza kabla serikali haijajibu.

Sasa, kosa kubwa: kuuimba kama wimbo wa kisasi. Bono mwenyewe, mwimbaji wa U2, alikuwa akiwatangazia watu jukwaani kwamba huu si wimbo wa uasi, na kwenye onyesho la Red Rocks, Marekani, Juni 1983, aliupiga akiwa na bendera nyeupe mkononi. Mwimbaji anayepiga kelele tangu ubeti wa kwanza hana pa kupanda ukifika mwisho. Beti mbili za mwanzo ziimbwe karibu kama mtu anayesimulia.

Ngoma_Langoni
Ngoma ndiyo wimbo. Mwendo ni kama mapigo 100 kwa dakika, na bendi nyingi hufika 110 bila kujua kwa sababu ya jazba. Weka metronomu kwenye simu, sikio moja, kwa mpiga ngoma peke yake. Si aibu. Larry Mullen mwenyewe, mpiga ngoma wa U2, alikuwa mgumu kupiga na metronomu hadi walipofika kwenye albamu hii.

Mikono inapokezana kwenye haihati (matoazi mawili ya kukanyagia), mapigo madogo 16 kwa kila kipimo, na mkono unashuka kwenye snea (ngoma yenye waya chini) ili itoke sauti ya askari wanaopiga kwata. Snea ya inchi 14 ya chuma, ngozi ya juu imekazwa sana, waya za chini zimekazwa lakini zisikabwe. Ukizikaza kupita kiasi snea inalia kama debe na mapigo madogo yanapotea. Kaza skrubu kwa kukabiliana (ya saa 12, kisha ya saa 6), nusu mzunguko kila mara, usifuate duara.

Wengine wanaweka chapuo, ile ngoma yetu ndogo, badala ya snea. Mimi sikubaliani. Chapuo ina utamu, na pale mwanzo hapatakiwi utamu.

Chapuo_Shela
Maalim, hapo tusikatae moja kwa moja. Chapuo isichukue nafasi ya snea, ila iingie pale mwishoni pamoja na vumi, ngoma kubwa, wakati watu wanaitikia. Sharti moja: ngozi ya mbuzi ikishika unyevu wa kusi hulegea na sauti hushuka. Ianike juani au isogeze kwenye makaa dakika 10 hivi kabla ya kupanda jukwaani, umbali wa mkono mzima, huku ukiigeuza. Ukiikaribisha zaidi ngozi inapasuka ukingoni, na hapo huna ngoma tena.

Nyuzi_Malindi
Gitaa: kodi (chord) tatu zinazunguka, Bm, D na G yenye E ndani yake. Usizipige kwa mkupuo, zichambue uzi mmoja mmoja. Siri yake ni kwamba kidole cha uzi wa pili, freti ya 3, hakiondoki katika kodi zote tatu. Uzi wa kwanza unashikwa freti ya 2 kwenye Bm na D, kisha unaachiwa wazi kwenye G. Huo uzi ulioachiwa ndio unaoleta ile hali ya swali lisilojibiwa. Anayepiga G ya kawaida anaua wimbo.

Wanaotaka udi badala ya gitaa, angalieni mambo mawili. Kwanza, sauti ya udi hufa haraka, kwa hiyo mnahitaji udi mbili zinazopokezana, au mmoja mwenye mwangwi wa milisekunde 300, kwa mwendo huo wa 100. Nne za mwangwi huo zinajaza mapigo mawili sawasawa. Pili, na hili ndilo linaloharibu: mpiga udi aliyelelewa na rasti, ngazi ya muziki wa Kiarabu, huishusha F♯ kidogo bila kufikiri, karibu robo ya sauti. Kwenye taarab ni tamu. Hapa itagongana na besi na kinanda, na hadhira itadhani mmekosea. Mpe mpiga udi sauti ya kinanda aisikilize hadi kidole kizoee.

Nyuzi za chuma hapa Malindi haziishi. Chumvi ya upepo wa bahari inazila. Zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na gitaa likae ndani ya mkoba uliofungwa, si ukutani.

Fidla_Mkomani
Wengi hawajui kwamba rekodi ya asili ina fidla, aliyepiga ni Steve Wickham. Kwa hiyo mtu wa taarab ana haki yake humu. Na ufunguo unatufaa mno: nyuzi zetu G, D, A, E zote zimo ndani ya ngazi ya Bm na D, unaweza kutumia uzi wazi bila hofu.

Upinde uwe mfupi, karibu na ncha, na madoido yapunguzwe. Fidla isiingie ubeti wa kwanza. Ikiingia mapema, wimbo unageuka wa harusi.

Mkitumia kidaka sauti cha kubandika kwenye daraja la fidla, msikichomeke moja kwa moja kwenye miksa. Kitatoa sauti nyembamba ya nyuki, kwa sababu mlango wa miksa unakivuta kuliko uwezo wake. Kipitie kwanza kwenye kiamplifaya kidogo chenye mlango wa megaohmu 1. Vigingi vikiteleza, paka chaki kavu, usipake mafuta.

Sauti_na_Chokaa
Kwa wanaotaka kurekodi: mtayarishaji Steve Lillywhite aliziweka ngoma za wimbo huu kwenye ngazi za studio ya Windmill Lane, Dublin, ili apate mwangwi. Nyumba za mawe za Lamu zinatupa hicho kitu bure. Matumbawe na chokaa vinarudisha sauti safi, haina ukali wa bati wala saruji tupu.

Weka snea chini ya ngazi, maiki ya kwanza sentimita 10 kutoka ukingoni, ya pili juu kabisa ya ngazi. Ikiwa umbali ni mita 5 hivi, sauti ya juu inachelewa kama milisekunde 15, na ndiyo unayoitaka. Sikiliza maiki zote mbili pamoja. Mlio wa chini ukipungua, geuza polariti ya moja wapo. Kiki, ngoma kubwa ya mguu, usiirekodi hapo. Ngazi ni nyembamba, mvumo wake unajaa na kufunika kila kitu. Irekodi chumbani, godoro ukutani.

Na msianze kati ya magharibi na isha. Mtaa mzima unasikia.

Kibali_Pwani
Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Lakini Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa kwa maandishi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Tamasha la utamaduni tupu halimo humo. Linapopata hotuba na mabango, linaanza kuhesabiwa mkutano wa hadhara. Peleka barua nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri. Leseni ya kupiga nyimbo za watu hadharani ni jambo jingine, mwenye ukumbi aulizwe mapema kama anayo.

Mkomani
Shukrani, ndugu zangu. Kuhusu utangulizi: dakika moja inatosha. Msikilizaji wa Kenya aliyeona Juni 25, 2024 hahitaji kuelezwa kirefu maana ya mwandamanaji kupigwa risasi. Hapa kwetu unaweza kutoa ubeti wa utenzi kabla ya snea kuanza, mizani 8, bila chombo:

*Januari thelathini*
*walitoka mitaani*
*bila chuma mkononi*
*risasi zikawajia.*

Mkiwa na jambo lenu, kama ile kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, ambao jopo la kitaifa la mazingira (NET) lilifuta leseni yake Juni 2019, lisemeni kabla, msilitie katikati ya beti.

Chapuo_Shela
Anayetoa vyombo Mokowe, gati ya bara: snea na miksa vifungwe nailoni mbili kabla ya kupanda boti, na miksa ikae mapajani. Chini ya boti kuna maji hata siku ya bahari shwari.