Tupeane uzoefu: kusafisha vyombo vya shaba nyumbani bila kuviharibu

Mwanzisha mada
Wakuu, humu kuna watu wanaoshika shaba kila siku. Tupeane uzoefu wa kuisafisha nyumbani: midila (birika za kahawa), masinia, vyetezo (vya kufukizia ubani), mirashi (ya kunyunyizia marashi), vinu, misumari ya milango. Ombi moja tu: toa vipimo na dakika, na useme kinachoharibika mtu akikosea. "Paka ndimu, sugua" tumeisikia sana, na ndiyo inayoacha mabaka ya kijani wiki mbili baada ya sikukuu.

Fundi wa Gerezani
Anza kwa kujua umeshika nini. Sote tunasema "shaba", lakini ziko tatu. Nyekundu ni shaba tupu. Ya njano, ndiyo masinia na vyetezo vingi, imechanganywa na zinki. Ya kahawia, ya kengele, sanamu na medali, imechanganywa na bati. Halafu kuna vitu vilivyochovywa tu, shaba juu na kingine ndani. Chukua sumaku ya spika mbovu uiguse. Ikinata, ndani ni chuma. Isiponata bado usiamini, maana zinki na alumini hazivutwi na sumaku. Kwaruza kidogo chini ya kitako kwa ncha ya msumari. Ukiona weupe au kijivu, kimechovywa, na hicho ni cha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo basi. Ukikipiga dawa ya kung'arishia mara kwa mara, ngozi ya juu inaisha.

Tazama pia kama kina vanishi. Dalili yake ni weusi uliotambaa kama mizizi chini ya utando unaobanduka. Asidi ya ndimu, siki au ukwaju haipiti hapo, utasugua hadi kesho. Itoe yote kwanza kwa asetoni na pamba, nje penye upepo, mbali na moto.

Bi Ukwaju
Kwa shaba ya njano, ukwaju haujapata mpinzani. Gramu 100 kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto, nusu saa, fikicha, chuja kokwa na nyuzi zote kwa sababu zinakwaruza. Chombo kioshwe kwa sabuni kwanza. Penye mafuta ukwaju hauingii, utapata madoadoa. Paka, acha dakika 5, sugua kwa fulana kuukuu, suuza, tazama. Mara tatu za dakika 5 ni bora kuliko mara moja ya dakika 40.

Asiye na ukwaju: siki nusu kikombe, chumvi kijiko kimoja cha chai, unga wa ngano mpaka iwe kama uji mzito. Unga upo ili isichuruzike. Dakika 10, zikizidi sana 15. Chumvi inaharakisha kazi kweli, ila ikibaki inavuta unyevu na kuanza kula shaba upya.

Ukiona mabaka ya waridi, umezidisha muda. Asidi imeondoa zinki juu, imebaki shaba nyekundu tupu. Hayo hayatoki kwa kuosha. Yanatoka kwa kung'arisha taratibu mpaka ufike penye rangi yake.

Na tafadhalini, stilwaya isikaribie. Mikwaruzo ni jambo moja, lakini pia vipande vya chuma vinabaki ndani ya mikwaruzo na kushika kutu.

Fundi wa Gerezani
Dada amesema vizuri, naongeza kwenye kusuuza, maana vyombo vingi vinaharibikia hapo. Kijiko kimoja cha mezani cha bikaboneti ya kuokea kwenye lita 1 ya maji. Tumbukiza dakika 5. Tazama ukingo wa sinia, pale ulipokunjwa kuzungushia waya: vipovu vidogo vitatoka mfululizo kwenye ule ufa. Hiyo ni asidi iliyojificha ndani. Endelea mpaka vipovu viishe, kisha suuza kwa maji safi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, kwa hiyo usuuzaji wa mwisho fanya kwa maji ya kunywa ya chupa, nusu lita inatosha sinia zima. Futa palepale, kisha liinamishe juani nusu saa ukingo ukielekea chini. Wasiofanya hivyo ndio wanaokuta mstari wa kijani umezunguka ukingo wote baada ya wiki.

Mlango wa Pwani
Misumari ya shaba kwenye milango: usipake uji wowote moja kwa moja, asidi inabadilisha rangi ya mbao na weupe wa dawa unaganda kwenye nakshi. Kata kadi ngumu, toboa tundu linalobana shingo ya msumari, ipasue upande mmoja upate kuivisha. Dawa weka kwenye kitambaa, kidogo, zungusha juu ya kichwa cha msumari tu. Kadi ikilowa, badilisha.

Bi Ukwaju
Vyetezo vina shida yao. Ule ugando mweusi ni utomvu wa ubani na udi, na asidi haiuwezi. Maji ya moto dakika 20, bandua kwa kijiti cha mti, unaobaki futa kwa spiriti baada ya chombo kupoa kabisa. Kisha ndipo ukwaju. Siku nyingine weka mchanga kidogo chini ya kaa.

Ndani ya mdila kuna utando wa bati, rangi ya fedha. Huo usiusugue, wala usiweke mdila mtupu motoni: bati linayeyuka nyuzi 232 tu. Ukiona wekundu au unjano ndani, usipikie tena mpaka fundi autie bati upya, hasa vitu vichachu, kwa sababu shaba inaingia kwenye chakula.

Mkusanyaji wa Upanga
Wakuu, yote hayo yasiguse shaba ya bati (ile ya kahawia) yenye umri. Itazameni sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, Dar, imesimama tangu 1927. Rangi ile ya juu ni ngozi iliyojijenga na ndiyo inayolinda shaba iliyo chini. Kengele ya zamani au sanamu ndogo ifutwe vumbi kwa brashi laini tu.

Tofautisheni kijani na kijani. Cha kukolea, kigumu, kilichoshika, hicho kiache. Cha kupauka, kinachotoka kama unga na kurudi siku chache baada ya kufuta, ni ugonjwa wa kloraidi, yaani wa chumvi, na hewa ya bahari inauchochea. Toa unga kwa kijiti cha meno. Tiba ni kuloweka kwenye lita 1 ya maji safi yenye gramu 28 za sodiamu kaboneti kavu na gramu 22 za bikaboneti, ukibadilisha kila wiki, kwa wiki kadhaa. Inaweza kugeuza rangi, kwa hiyo kitu cha thamani mpelekee mtaalamu.

Mlango wa Pwani
Mkuu, si hiyo ndiyo magadi yetu?

Mkusanyaji wa Upanga
Kwa asili ndiyo, magadi ya Ziwa Natron ni kemikali hiyohiyo. Lakini yanakuja na chumvi ya kawaida ndani, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Nunua zilizo safi kwenye maduka ya kemikali za maabara.

Mwanzisha mada
Na baada ya kusafisha? Wengi wanapaka mafuta ya nazi.

Fundi wa Gerezani
Hapana. Mafuta ya kupikia yanachacha, yanageuka asidi, na shaba inatoa kijani cha kunata. Paka nta ya nyuki: sehemu 1 ya nta iyeyushwe kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Zima jiko, lisogeze bakuli mbali na moto, ndipo umimine sehemu 3 za tapentaini, maana inashika moto haraka. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Chombo kipashe juani kwanza, paka nyembamba, subiri dakika 20, piga kwa kitambaa kikavu. Rudia kabla ya masika. Sehemu inayokaa chakula au makaa usipake.