Re: Folklorama kwa watu wawili, twende vipi na tule nini?

Kutoka: Mgeni wa Winnipeg

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Mimi na mke wangu tumetoka Mombasa, na hii ndiyo Agosti yetu ya kwanza hapa Kanada. Kazini kila mtu ananiambia nisikose Folklorama, hili tamasha la vyakula na ngoma za jamii mbalimbali. Tungependa kutoka jioni moja tuonje vyakula vya watu. Shida ni kwamba hatuli nguruwe, gari hatuna, na mke wangu hapendi foleni. Mnatushauri nini?

Kutoka: Baba Mapacha, St. Vital

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Karibuni Winnipeg, na shemeji mpe salamu.

Nendeni. Lakini msifikirie maonyesho ya Mkomani kule Mombasa, kwamba kuna uwanja mmoja na lango moja. Hapa kila jamii ina banda lake, na banda lenyewe ni ukumbi: wa kanisa, wa shule, au wa chama cha jamii hiyo. Ziko kumbi arobaini hivi, zimetapakaa mji mzima. Mambo haya yalianza 1970, jimbo letu la Manitoba lilipotimiza miaka 100, na ilikuwa iwe mara moja tu. Watu wakaipenda, ikabaki. Siku hizi inachukua wiki mbili, ila banda moja hufunguliwa wiki moja tu. Kwa hiyo kabla hamjapanga, tazameni ratiba: mnaowataka wawe wa wiki ileile.

Kiingilio hulipwa kila banda, na chakula hulipwa kando. Ndani kuna ngoma za kama dakika 45, kwa kawaida mara tatu kwa usiku: saa moja kasorobo, saa mbili na robo, na saa nne kasorobo. Mimi na mke wangu huchukua mabanda mawili, si zaidi. Wapo wanaokimbilia matatu, wakamaliza usiku barabarani, chakula wamekimeza bila kukionja.

Kuhusu kula: agizeni sahani moja, mle wawili. Mkishiba banda la kwanza, la pili mtakuwa watazamaji tu.

Kwa Waukraine mtakuta perogi, unga uliokunjwa na viazi na jibini ndani, umechemshwa, juu vitunguu vya kukaanga. Vitunguu hivyo mara nyingi hukaangwa na vipande vya nguruwe, basi mwambieni anayepakua kabla hajachota. Soseji ziacheni. Kabichi za kuviringwa ndani zina wali, na mara nyingine nyama ya kusaga. Ulizeni ni nyama gani. Hakuna anayechukia kuulizwa. Wale akina mama wamezoea, na wengi hufurahi mtu akitaka kujua.

Kwa Wafilipino nguruwe yuko karibu kila mahali, hata ndani ya lumpia, vile vya kuviringwa na kukaangwa kama sambusa, na tambi za pancit, kwa hiyo muwe macho. Lakini msiondoke bila kuonja bibingka. Ni unga wa mchele na tui la nazi, umeokwa juu ya jani la mgomba. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alipotia tonge la kwanza mdomoni alinyamaza, kisha akasema huyu ni ndugu wa mkate wa kumimina, hana hiliki tu. Tukaagiza tena, na mama aliyekuwa akiuza akakaa nasi akaeleza jinsi ya kupika supu ya kuku kwa papai bichi, tangawizi na majani ya mlonge. Mlonge! Tuliuacha nyumbani tukidhani basi. Kumbe maduka ya Kifilipino hapa mjini huuza majani yake yamegandishwa.

Wahabeshi ndio pazuri kwa mnaochagua nyama. Ulizeni sahani ya mfungo, ile wanayokula Wakristo wao wakifunga: dengu, shiro, yaani mchuzi mzito wa unga wa dengu, mboga za majani, haina nyama wala siagi, na injera chini, ule mkate wao mwembamba kama chapati laini. Huliwa kwa mkono. Mke wangu alinawa, akala kwa mkono mbele ya watu bila kuangalia nani anamtazama, na kwa mtu aliyekula chakula cha mchana kazini kwa uma miaka yote hii, hilo lilimpa raha niliyoiona usoni mwake.

Kutoka: Mama wa Uvira

Baba Mapacha amesema vizuri. Naongeza machache.

Mwanangu, kama huna gari, panga mabanda mawili yaliyo karibu. Usifuate maelezo ya rafiki aliyekaa hapa zamani, njia za mabasi zilibadilishwa karibu zote Juni 2025. Angalia pia basi la kurudi, usije ukatoka onyesho la mwisho ukakuta limeshapita.

Foleni hupungua siku za katikati ya wiki. Ijumaa na Jumamosi msiende. Foleni nyingine ziko nje na mbu wa Winnipeg si wa mchezo, mkeo avae mikono mirefu. Na kwa kuwa mnasali, jua la mwanzo wa Agosti linazama saa tatu usiku na dakika chache, kwa hiyo Maghrib itawaangukia kati ya onyesho la pili na la tatu. Ulizeni mlangoni chumba cha pembeni. Sisi tuliwahi kuwaulizia wageni wetu, wakafunguliwa darasa.

Kutoka: Mgeni wa Winnipeg

Ahsanteni sana. Mke wangu amesoma yote na ameshaamua: Wahabeshi kwanza, Jumanne. Anauliza, je, mtu asiye wa jamii ile anaweza kusaidia jikoni? Anatafuta kazi na hana uzoefu wa hapa.

Kutoka: Mama wa Uvira

Anaweza. Mabanda yanaendeshwa na watu wa kujitolea, na wiki nzima ya kupika inachosha, mikono haitoshi kamwe. Jumanne hiyohiyo amwone msimamizi wa jiko, aache namba yake. Wakati huohuo afanye mafunzo ya usafi wa chakula apate cheti, mikahawa mingi hapa inakiulizia. Na akimaliza aombe barua ya kuthibitisha alichofanya, iwe na tarehe na saa. Asione haya kuiomba, wengi tuliipata kazi ya kwanza kwa barua kama hiyo.