Siku nne Brussels na yuro 35 kwa siku: nianzie makumbusho gani, na bia gani?

Mtoto wa Isevya
Mwangaluka wakuu. Niko hapa Tabora mjini. Mwezi wa 3 nasafiri kikazi Ubelgiji, na kazi ikiisha nitakuwa na siku nne zangu mwenyewe Brussels. Pa kulala nimepata, kitanda kwenye chumba cha watu sita. Mfukoni ni yuro 35 kwa siku: kula, nauli na viingilio vyote humo humo. Makumbusho nayapenda tangu shule ya msingi, nilikuwa nasindikiza wageni mpaka Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Bia nayo napenda, sifichi. Mliofika, nianzie wapi? Halafu kuna jamaa kaniambia huko kuna mtaa unaitwa Tabora. Kweli au stori za kijiweni?

Binti Sikonge
Mwangaluka mdogo wangu. Ni kweli kabisa. Upo katikati ya mji, hatua chache kutoka Grand-Place, ule uwanja mkuu wa mji, mtaa mfupi tu. Kibao kina lugha mbili: Rue de Tabora, chini yake Taborastraat. Nilikuwa huko 2019 kwa mafunzo ya wiki tatu, na siku nilipokiona kile kibao nilisimama pale mvua inaninyeshea. Jina limetokana na vita. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji, askari wake wengi wakiwa Wakongo, liliingia mjini kwetu Wajerumani wakiwa wameondoka. Jenerali wao, Tombeur, baadaye akapewa ubaroni wa "de Tabora", na sanamu yake iko Saint-Gilles. Babu yake baba alichukuliwa upagazi kwenye vita ile na hakurudi. Kwa hiyo usipite pale kama unapita njia. Simama.

Namba 11 ya mtaa huo kuna baa ya zamani, À la Bécasse, unaingilia kichochoro chembamba. Lambiki, bia chachu ya huko, wanakuletea kwenye jagi la udongo mgumu. Agiza dogo, linatosha.

Sasa nikwambie kitu kilichonigusa kuliko vyote. Nenda Anderlecht, kiwanda cha lambiki cha Cantillon, kilianza 1900 na bado ni kiwanda na makumbusho kwa pamoja. Kutoka stesheni ya Midi unatembea tu. Juu darini kuna sinia kubwa la shaba, pana lakini kina chake kifupi, wanamwaga humo togwa la moto la shayiri na ngano jioni, wanaliacha wazi usiku kucha lipoe. Hamira hawatii. Inakuja yenyewe na hewa, ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu. Kisha linakaa kwenye mapipa ya mbao hadi miaka mitatu, na bia wanayoiita gueuze ni mchanganyiko wa lambiki ya mwaka mmoja, miwili na mitatu. Utando wa buibui hawafagii, kwa sababu buibui wanakula vijidudu vinavyofuata matunda.

Nilipoonja nikamkumbuka bibi na wanzuki yake. Asali, maji, na mtungi ule ule wa miaka yote. Ole wako uusugue kwa sabuni! Alikuwa akisema mtungi ndio unaojua kazi. Ule uchachu wa siku ya tatu, unaoshika nyuma ya taya, niliukuta Anderlecht. Wapo watakaokwambia lambiki imeharibika. Wewe mtoto wa nchi ya asali utaielewa.

Chakula: nunua mkate na jibini dukani, mchana kula chipsi za kwenye karatasi. Mimi sikuzidisha yuro 30.

Kibirizi Pwani
Dada kamaliza upande wa bia. Mimi wa Kigoma naongeza Tervuren, makumbusho ya Afrika. Panda treni ya chini mpaka Montgomery, kisha tramu namba 44, inapita msituni mpaka mwisho wa reli. Kuna mtumbwi wa mti mmoja, mita 22 na nusu. Nimekulia kwenye mitumbwi, lakini ule niliuzunguka mara mbili nikitafuta kiungo, sikukiona. Nyaraka za Stanley nazo wanazitunza wao, yule aliyemkuta Livingstone kwetu Ujiji mwaka 1871.

Ukitoka, nenda kanisani pale Tervuren. Nje kuna makaburi saba ya Wakongo. Mwaka 1897 waliletwa watu 267 kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mfalme Leopold II, na hao saba wakafia huko. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko vyote vya ndani. Nenda asubuhi, usiwe umekunywa.

Mwanga Juu
Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, usiipangie. Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa 7 mchana, Tervuren ni bure, na yale makubwa ya sanaa mjini pia. Na soma namba kwenye chupa ya bia: Chimay ya bluu ni asilimia 9 ya kilevi. Ukali wake ni karibu mara mbili ya bia za hapa nyumbani, na kesho unataka kutembea.

Mtoto wa Isevya
Asanteni sana. Dada, nimemsomea baba ya kwako, kanyamaza kidogo, halafu kaomba picha ya kibao. Nimecheki kalenda, Jumatano ya kwanza nitakuwepo. Kaka wa Kibirizi, hiyo tramu 44 tiketi nakata humo ndani au kituoni?

Kibirizi Pwani
Gusisha kadi ya benki kwenye mashine humo ndani. Kama huna kadi, kata tiketi stesheni kabla ya kupanda.